Sikio Lililokimbia

Naweka chungu!
— Weka, tukoke moto!
Chungu cha nini?
— Cha maneno!
Yakiwa machungu?
— Tutayameza!

Basi mezeni. Hapo kale, kale ambayo hata babu wa babu yangu aliisikia tu, palikuwa na nchi iitwayo Usangila, na katika nchi hiyo palikuwa na baraza. Siku jambo hili lilipoamuliwa, barazani walikuwapo watu watano. Nitawataja mmoja mmoja, maana jina la mtu si ganda la karanga, likatupwa tu.

Alikuwapo Kasanda mwana wa Mihayo, mtemi wa nchi. Alikuwapo Shigela, mshauri wake, mtu wa maneno laini. Alikuwapo Limbu, mlinzi wa kihenge. Wengine humwita Limbe, nao wanakosea, Limbe alikuwa ndugu yake. Alikuwapo Lugembe, mpimaji, mwenye macho makali, ambaye maisha yake yote hakuwahi kupokea hata yai la mtu. Alikuwapo Buhoro, mpiga ngoma ya mbiu.

Hao ndio watano. Wa sita hakuwapo. Mwanamke aliyewahi kukoroga uji hakuwapo. Mtoto hakuwapo.

Sasa, habari ya kihenge. Kihenge ni ghala ya nafaka, ya fito zilizosukwa na kukandikwa udongo. Huko Usangila, kila mavuno, kila nyumba ilipeleka kikapu kimoja cha mtama kwenye kihenge kikubwa cha uwanjani. Mama yake mtemi ndiye aliyeanzisha desturi hiyo. Ukija mwezi wa njaa, mtama ule ulisagwa, ukapikwa uji, na kila mtoto aliyekuja na bakuli alipewa. Bakuli lilitosha. Hakuna aliyemwuliza mtoto neno.

Mwaka mmoja mvua ikawa haba. Limbu akaingia barazani, akapiga magoti.

"Mtemi, mtama hautafika masika. Mabakuli ni mengi. Juzi nimeona bakuli la mtu mwenye ndevu."

"Alikuja na ndevu zake?"

"Alimtuma mwanawe, Mtemi. Lakini bakuli lilikuwa la ndevu. Kubwa hivi!"

Wakacheka. Kisha Shigela akasema, "Mtemi, tuchague. Wapewe wale wanaochunga mbuzi na kufukuza ndege mashambani. Hao ndio nguvu ya nchi. Wadogo wana maziwa ya mama zao."

"Na mdogo ni yupi, mkubwa ni yupi?" akauliza Kasanda.

Lugembe akasimama. "Mtemi, desturi ipo. Mtoto hupitisha mkono wa kulia juu ya utosi. Vidole vikishika sikio la kushoto, hupewa mbuzi achunge. Visiposhika, hungoja. Mkono haudanganyi."

Shigela akasema, "Mkono haudanganyi." Limbu akasema, "Mkono haudanganyi." Mtemi naye akasema, "Mkono haudanganyi." Buhoro akachukua ngoma yake akaenda kutangaza.

Ninyi mliokaa hapa, hebu jaribuni. Mkono wa kulia, juu ya utosi, sikio la kushoto. Mmefika? Naam. Mmefika kwa sababu mlikula.

Msidhani watu wale walikuwa wabaya. Hakuna aliyeiba hata punje. Walitwaa kipimo cha kazi wakapimia njaa, basi.

Upande wa chini wa mji aliishi bibi mmoja, Milembe, pamoja na mjukuu wake, Nyanzala. Huko jina halitolewi ovyo. Aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Kabula. Aliyezaliwa wakati wa njaa huitwa Nyanzala. Kabula alikuwa mama yake Nyanzala. Alikwenda kutafuta chakula kwa wajomba zake, hakurudi. Nyanzala ndiye mtoto aliyemwacha. Alikuwa ameona masika manane, lakini ukimtazama ungesema matano. Ila ulimi wake ulikuwa umeona masika themanini.

Bibi yake alimwita "mke mwenzangu", kama bibi zetu wanavyowatania wajukuu wa kike.

"Mke mwenzangu, amka, leo tunapimwa."

"Nipimwe nini, Bibi? Mimi mwenyewe ni kipimo. Ukitaka kujua njaa imefika wapi, nitazame."

Wakaenda uwanjani. Watoto wamepanga mstari, mabakuli mikononi. Mbele yao alisimama Sayi, binti wa Shigela, mwenye masika sita, mashavu kama maandazi. Akapitisha mkono, akashika sikio, akalivuta na kulivuta tena kwa mchezo. Akapewa uji. Hakuumaliza, nyumbani walikuwa wamekwisha kula.

Ikafika zamu ya Nyanzala. Akapitisha mkono. Lugembe akainama, akatazama, akapima nafasi iliyobaki kwa vidole vyake mwenyewe.

"Bado vidole viwili. Urudi mwezi ukiandama."

"Baba Lugembe," akasema Milembe, "mtoto huyu ameona masika manane."

"Mama, mimi sipimi masika. Napima mkono."

Holo, mpishi, alikuwa akisikia. Akakwangua ukoko chunguni, ule mkavu wa pembeni ambao watoto huugombania, akaunyoosha kwa Nyanzala. Limbu akamshika mkono.

"Ukoko nao ni wa kihenge, Holo."

Wakarudi nyumbani. Wakala majani.

Mwezi ukaandama. Milembe akatafuta wembe.

"Nywele zinakula nafasi, mke mwenzangu. Tukizinyoa, tumepata kidole."

"Nitafanana na yai la kanga."

"Yai lenye masikio. Kaa vizuri."

Akamnyoa. Wakaenda uwanjani. Nyanzala akapitisha mkono juu ya upara wake. Lugembe akainama, akapima.

"Bado kidole kimoja. Urudi mwezi ukiandama."

Wakarudi nyumbani. Wakala mizizi.

Mwezi wa tatu ukaandama. Safari hii Milembe alimbeba mgongoni, maana miguu ilikuwa imevimba. Walipofika akamshusha. Nyanzala akainua mkono, ukalala juu ya utosi kama ndege aliyechoka. Lugembe akapima. Akapima tena. Macho yake makali yakamtazama bibi, kisha yakatazama chini.

"Vidole viwili na nusu," akasema taratibu.

Nyanzala akageuza kichwa. "Bibi, sikio langu linakimbia."

Watu wa mstarini wakacheka, naye akafurahi kuwa amewachekesha. Milembe hakucheka. Hapo ndipo alipoielewa amri ile ilivyokuwa. Njiani, mtoto mgongoni, aliirudia hivi:

Asiyefika hapewi.
Asiyepewa hakui.
Asiyekua hafiki.

Semeni nami.

— Asiyefika hapewi! Asiyepewa hakui! Asiyekua hafiki!

Mnaona? Mlango hamna humo. Ni duara.

Kesho yake Milembe alichukua bakuli tupu akaenda barazani. Limbu akataka kumzuia, lakini Kasanda akasema, "Mwacheni. Huyo ndiye aliyenikanda bega nilipovunjwa na nyati." Nanyi likumbukeni bega hilo.

Milembe akapiga magoti. "Mtemi, nimekuja kwa Lugembe. Nina swali dogo."

"Uliza, Mama," akasema Lugembe.

"Kipimo chako kinadanganya?"

"Hakidanganyi."

"Kinapendelea?"

"Hakipendelei."

"Kinampima kila mtu?"

"Kila mtu."

"Vema. Mpime mtemi."

Shigela akanyanyuka amtoe nje. Lakini Kasanda alipenda utani. Akavua taji lake la manyoya, akainua mkono wa kulia. Ukapanda. Ukafika begani, ukafika shavuni, ukagusa ukingo wa utosi, ukakoma. Akavuta pumzi, akasukuma. Bega lililovunjwa na nyati halikukubali.

Lugembe akasogea. Mtu huyu hakujua kusema uongo, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake na mzigo wake. Akapima.

"Vidole vinne, Mtemi."

Milembe akasema, "Basi mtemi wetu bado ananyonya. Mwiteni mama yake."

Buhoro alicheka kwanza, akaziba kinywa kwa kofia. Limbu akacheka. Mtemi mwenyewe akacheka hadi machozi. Kisha akakumbuka mama yake, na kihenge alichokianzisha, na kicheko kikaisha.

"Mjukuu wako anapungukiwa vidole vingapi?"

"Viwili na nusu, Mtemi. Mwezi uliopita kilikuwa kimoja."

Kasanda akalivaa tena taji lake. Kisha akasema, "Amri ile nimeiondoa. Kila mwenye bakuli apewe, kama zamani. Mtama ukiisha, tutafungua ghala yangu."

Laiti hadithi ingeishia hapo. Lakini Shigela akainamisha kichwa kwa heshima.

"Mtemi, amri iliyotangazwa kwa ngoma huondolewa kwa ngoma. Na ngoma ya mbiu hupigwa siku ya gulio. Ndiyo desturi. Leo ni siku ya kwanza. Gulio ni siku ya tano."

"Na leo?" akauliza Milembe. Aliinua bakuli. "Leo hili litiwe nini?"

Limbu akasema, "Leo amri ya kwanza bado ipo, Mama."

"Njaa haijui gulio."

Kasanda akamtazama, akalitazama bakuli. "Nikitia la mmoja leo, kesho watasimama mia, na ngoma haijalia. Vumilia, Mama. Siku tano si nyingi."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Siku tano si nyingi kwa nani?

Siku ya pili Holo alikuja kwa Milembe na ukoko ameuficha ndani ya nguo yake. Nyanzala akaulamba kidogo, akaurudisha.

"Niwekee, Bibi. Nitaula siku ya gulio pamoja na uji."

Siku ya tatu jioni akasema, "Nipime."

"Pumzika, mke mwenzangu."

"Nipime. Labda limechoka kukimbia."

Milembe akaushika mkono ule, mwepesi kama kijiti cha mtama. Akaupitisha juu ya utosi. Akakiinamisha kichwa, pole pole, mpaka sikio likaja lenyewe kwenye vidole. Lugembe asingekubali. Lakini Lugembe hakuwapo.

"Umefika," akasema Milembe.

"Nimefika?"

"Umefika kabisa."

"Nilikuambia," akasema Nyanzala.

Siku ya tano Buhoro akapiga ngoma. Watoto wakaja, waliofika na wasiofika. Wale wadogo walitupa mikono juu ya vichwa kwa mazoea, na Lugembe akawa anawashusha mikono, mmoja mmoja, akisema, "Hapana, hapana. Bakuli linatosha." Limbu akapima mtama, Holo akapakua uji. Milembe naye alikuja. Alisimama mstarini zamu yake ikafika, akanyoosha bakuli, Holo akalijaza, na hakuna aliyemwuliza neno.

Husema chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Tangu siku hiyo, huko Usangila, amri ya chakula cha watoto haingoji ngoma. Na Lugembe, hadi uzee wake, hakumpima tena mtoto.

Naepua chungu!
— Epua, moto umezimika!
Kimebaki nini?
— Ukoko!
Ukoko ni wa nani?
— Wa mtoto!

Nyanzala binti Kabula alikufa siku ya nne, asubuhi.