Kiti cha Mninga

Wapendwa, kabla sijafika mbali, kila mmoja aangalie alivyokaa. Mzee wa mbele umeegemea vizuri. Mama pale kwenye nguzo, hiyo nguzo tunajua ni yako, mtu akikutangulia Jumapili yako imeharibika. Kaeni hivyo hivyo. Leo nawaletea habari ya kiti kimoja na fundi aliyekitengeneza.

Palikuwa na fundi seremala katika mji kama huu wetu. Alikuwa na kibanda kando ya barabara, penseli sikioni, nguo zimejaa vumbi la mbao. Na alikuwa fundi kweli, si wale wa njoo kesho. Ukimwagiza kiti hagusi ubao kabla hajakupima. Anakukalisha kwenye kigoda, anapima goti mpaka kisigino, anapima mgongo, anapima mkono, hata kama wewe ni mheshimiwa mwenye haraka zako. Wateja walinung'unika. Yeye aliwajibu, "Mimi nitakitengeneza, lakini miguu itakayoning'inia ni yako." Wakishakikalia, walinyamaza.

Fundi huyu alikuwa na binti, mtoto wake wa pekee. Viti vya watu wengine ndivyo vilivyomsomesha huyo binti, viti vya harusi, viti vya ofisi, hata vya makanisani. Akafika chuo, akasomea fiziotherapia, ile kazi ya kuwasaidia watu wenye viungo vilivyokataa, mpaka waweze kukaa, kusimama, wengine kutembea. Baba yake alitembea mtaani shingo imenyooka. Nani hapa angemlaumu?

Binti alipokuwa mwaka wa mwisho, fundi alitoa ubao wa mninga aliokuwa ameuficha nyuma ya kibanda miaka mingi, ubao ambao wateja waliuomba akawanyima. Akaanza kutengeneza kiti cha ofisi ya mwanawe. Kazi aliyoifanya hapo hakuwahi kumfanyia mteja yeyote. Alipiga randa, akapiga msasa, akapaka vanishi, akaacha ikauke, akapaka tena. Kitu kimoja tu hakufanya. Hakumpima binti. Angempimaje, na alitaka kumshtukiza? Tena alijiambia, mtoto nimemlea mwenyewe, nitashindwa kumjua?

Siku ya sherehe ya mahafali kiti kikaletwa uani kimefunikwa kanga. Akina mama wakapiga vigelegele. Kanga ikaondolewa, binti akakaa, na miguu yake haikufika chini. Watu wakacheka, na binti mwenyewe akacheka. Fundi alicheka kidogo, kwa sababu kwa mtu wa kazi yake ile ilikuwa aibu. Akasema, "Utavaa viatu virefu. Mjomba wako ameshakushikia nafasi katika hospitali kubwa ya jijini, na huko ofisini wanavaa viatu virefu."

Binti akashuka kwenye kiti, akamshika baba yake mikono yote miwili. "Baba, asante. Kiti hiki sijui nikushukuruje. Lakini mwaka huu siendi jijini. Nimejiandikisha kwenye mwaka wa kujitolea."

Mnaujua mwaka huo. Kijana akimaliza chuo, taifa linamwambia, ukipenda, tupe mwaka mmoja, tukupeleke mahali ambako watu wanakuhitaji. Halimlazimishi mtu. Atakayekwenda amechagua mwenyewe.

"Kujitolea," fundi akarudia. "Nani amekuambia sisi tuna cha kutoa?"

"Nina mikono, baba. Hii mliyonisomeshea."

"Ukakae vumbini, na mimi nimekutengenezea kiti?"

Sherehe ikapoa pale pale. Baada ya siku chache akaondoka na begi lake. Mama yake alimsindikiza stendi. Baba yake alibaki kibandani anapiga randa ubao ambao ulikuwa umeshanyooka.

Kiti cha mninga kikawekwa sebuleni na kitambaa cha kufuma juu yake, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Mgeni akiuliza binti yuko wapi, fundi alijibu, yuko kazini, kisha akabadilisha mazungumzo. Alikuwa na hasira na mwanawe, na alikuwa amemkumbuka, na hivyo viwili vikikaa pamoja ndani ya mzazi havimwachi alale.

Miezi ikapita. Siku moja shemeji yake, yule mjomba wa binti, akapiga simu. Akasema, nafasi ya binti nimeishikilia mpaka mkono umechoka, asiporipoti Jumatatu anapewa mwingine. Fundi alifunga kibanda siku hiyo hiyo. Hakumpigia binti simu, alijua kwenye simu mtu anaweza kukataa kirahisi. Alikwenda mwenyewe. Alipanda basi, akapanda pikipiki, na njia nzima alikuwa akipanga maneno atakayomwambia.

Asubuhi alifika kwenye zahanati ndogo ya kijiji alikopelekwa binti. Barazani palikuwa na akina mama wamebeba watoto mgongoni, lakini aliona jambo la ajabu. Watoto wale walikuwa wakubwa. Miguu yao ilikuwa inakaribia magoti ya mama zao.

Niwaeleze hapo. Katika kijiji kile, mtoto akizaliwa viungo vyake havishiki, alilazwa mkekani chumba cha nyuma, na huko ndiko alikokulia. Mgeni akija haambiwi. Haukuwa ukatili, wapendwa, msiwahukumu haraka. Waliambiwa tangu zamani kwamba mtoto wa namna hiyo ukimkalisha unamuumiza, basi kwa upendo wakamwacha amelala. Binti wa fundi alipofika alikwenda nyumba kwa nyumba. Alikaribishwa uji, akaambiwa hapa hakuna mtoto kama huyo, akashukuru, akaondoka, akarudi tena kunywa uji. Hakugombana na mtu. Alirudi tu, mpaka siku moja mlango wa nyuma mmoja ukafunguliwa, na baada ya huo ukafuata mwingine. Mimi namstahi sana binti huyo kwa kule kurudi kwake. Wengi wetu tukikataliwa mara moja tunasema tumeshamwachia Mungu.

Fundi akachungulia chumba cha daktari. Akaona meza na kiti, havina mtu. Akauliza, "Yule binti wa viungo yuko wapi?" Mama mmoja akamwonyesha uani, chini.

Binti yake alikuwa amekaa mkekani, vumbini kweli, kama alivyomtabiria. Katikati ya miguu yake alikuwa amempakata mvulana mkubwa. Mgongo wa mvulana umeegemea kifua cha binti, mikono ya binti imepita chini ya makwapa ya mvulana, magoti yake yamembana kiuno. Mbele yao mama wa mtoto amepiga magoti na bakuli, anamlisha uji kwa kijiko. Kichwa cha mtoto kilianguka, kikarudi, kikaanguka, kikarudi tena.

"Shikamoo, baba," binti alisema bila kuinuka.

"Marahaba. Inuka, mama, nina neno na wewe."

"Siwezi, baba. Nikiinuka anaanguka. Ngoja amalize uji."

Basi fundi akasimama kusubiri. Na jicho la fundi halijui kupumzika. Alitazama kifua cha mwanawe, akaona egemeo. Alitazama mikono yake, akaona mikono ya kiti. Akaona mapaja yanavyozuia ubavu, magoti yanavyoshika kiuno. Alikuwa ametengeneza viti maisha yake yote, na kila kiungo cha kiti alikijua kwa jina. Vyote vilikuwa pale, na vyote vilikuwa mwili wa binti yake.

Mama wa mtoto akageuka. "Kumbe wewe ndiye baba yake. Basi acha nikushukuru. Huyu mwanangu nilikuwa namlisha amelala, anapaliwa, nalia, namfuta. Hakuwahi kuniona nikimlisha. Sasa tunaangaliana." Akakwangua bakuli, akampa mtoto kijiko cha mwisho. Kisha akauliza taratibu, "Tunasikia mwaka wake una mwisho. Akishaondoka, baba, huyu atakalia nini?"

Fundi alikuwa na jibu la kila swali ambalo binti angemuuliza. Hili hakulipanga. Alisimama pale, mtu mzima, machozi yakamtoka, wala hakujificha. Alikuwa na uchungu wa ile miezi yote aliyoona haya kusema binti yake yuko wapi.

Kisha akaweka begi chini. Akatoa futi mfukoni, maana fundi husahau hata tiketi lakini si futi. Akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya yule mtoto, akamwambia, "Bwana mkubwa, niruhusu nikupime." Akapima goti mpaka kisigino. Akapima mkono.

"Baba," binti akasema, "si umekuja kunichukua?"

"Nilikuja," akajibu. "Hebu mshike kichwa vizuri, nimalize mgongo."

Fundi alirudi nyumbani bila binti. Akaingia sebuleni, akaondoa kitambaa cha kufuma, akakipindua kiti cha mninga, akakiwekea msumeno. Mke wake akatoka jikoni mbio. "Baba wewe, umechanganyikiwa? Kiti cha mwanao hicho."

Akamwambia, "Hiki sikumpima mwanangu. Nilijipima mimi."

Mbao zile zikawa kiti kidogo chenye egemeo refu, chenye mikanda, chenye ubao wa kukanyagia na ubao wa kuwekea bakuli. Fundi alikipeleka mwenyewe, na mtoto yule akala uji akiwa amekaa, na binti amekaa pembeni na mikono mitupu. Nafasi ya jijini je? Sitawadanganya kwamba ilimsubiri. Alipewa mwingine. Na fundi tangu hapo akiulizwa binti yuko wapi, anakitaja kijiji kwa jina, tena kwa sauti.

Sasa nirudi kwetu sisi.

Sisi wazazi, tumewatengenezea watoto wetu viti, na vingi ni vizuri, vimepakwa vanishi. Lakini kipimo ni cha nani? Kijana wako akikuambia, mama, naomba mwaka huu nikatumike, usimpigie kelele kabla hujapiga magoti ukampima.

Nanyi vijana mnaomaliza chuo, mtaambiwa na wengi kwamba mwaka huo umepotea. Mjibuni kwa heshima, kisha mwende. Bwana wetu alipotaka kutuonyesha mkubwa ni nani, hakuomba kiti. Alijifunga taulo, akapiga magoti mbele ya miguu yenye vumbi.

Lakini nisiwaelemee wazazi na vijana peke yao. Nawauliza wote, maombi yetu ya wiki hii yalikuwa ya nini? Wengi wetu tuliomba kiti. Bwana, nipe kiti kazini, nipe kiti kwenye kamati, nipe kiti cha mbele kwenye harusi ya fulani. Si dhambi kuomba. Ila nani kati yetu aliomba, Bwana, nifanye kiti, mtu mwingine aegemee?

Na kama unaona hilo halikuhusu, kumbuka. Wewe uliyekaa hapo umenyooka, hukuzaliwa umekaa. Shingo yako nayo ilikuwa inaanguka. Kuna mtu alikuweka kwenye beseni akakuzungushia kanga pande zote, na kanga zilipokosekana alikuweka mapajani, kifua chake nyuma yako, akakaa hivyo mpaka miguu yake ikafa ganzi, na uji wake ukapoa. Hakuna aliyepo hapa ambaye hakuwahi kukalia mtu.

Basi tusimame, tuombe. Na aliyekaa karibu na mtu asiyeweza kusimama mwenyewe, asisubiri niseme.