Pweza wa Mikono Minane na Bunju Asiyetosheka

Paukwa!

Pakawa!

Ah, hiyo pakawa ya watu waliolala na njaa. Paukwa!

PAKAWA!

Naam. Sasa nasikia watu. Watoto kaeni mbele, wakubwa kaeni nyuma, na anayetaka kukohoa akohoe sasa hivi, maana nikishaanza sisimami.

Hapo zamani za kale, kale kabisa, samaki walipokuwa bado wanasalimiana asubuhi, palikuwa na mwamba chini ya bahari. Mwamba huo naujua. Nimeuzamia mara saba bila kuvuta pumzi. Anayebisha ainue mkono. Hakuna? Basi tuendelee.

Kwenye mwamba huo palikuwa na ghala. Ghala lenyewe halikuwa na mlango wala kufuli. Lilikuwa na makombe. Makombe yale makubwa ya baharini, magamba mawili yanayobanana, kap! Kila samaki alikuwa ameweka vitu vyake ndani ya kombe. Huyu kaweka chakula cha msimu wa kaskazi, yule kaweka pambo la harusi, mwingine kaweka dawa ya tumbo. Makombe yalikuwa mengi. Mia, mia mbili, mia tatu, sikumbuki, nilihesabu nikachoka.

Mwenye ghala alikuwa Pweza.

Sasa sikilizeni kazi ya Pweza ilivyokuwa. Kombe halifunguki ovyo. Pweza peke yake ndiye aliyejua pa kulibonyeza. Analibonyeza, linafunguka, kwaa! Lakini ukiliachia tu, linajifunga, kap! Kwa hiyo lazima alishike. Kombe moja, mkono mmoja. Makombe mawili, mikono miwili. Na Pweza ana mikono mingapi?

Minane!

Mmesoma nyie. Mimi shule niliiacha darasa la nne, tena iliniaga kwa majonzi, lakini hadi nane nahesabu bila kuvua viatu.

Basi mikono minane, makombe manane. La tisa? Hakuna la tisa. Hata kama makombe mia tatu yamejaa vitu hadi juu, la tisa halifunguki.

Ndiyo maana marehemu mama yake Pweza alimwachia sheria. "Mwanangu, kila mteja makombe mawili, asizidishe. Na usimfungie mtu kombe mpaka aseme mwenyewe 'nimetosheka'." Maana siku moja mama huyo alifunga kombe bila kuuliza, kap! Ndani alikuwamo Pono, anatafuta ushanga. Pezi lake nusu likabaki ndani, nusu likabaki nje. Kesi ile ilikaa misimu miwili.

Kwa hiyo desturi ikawa hiyo. Unakuja, unaimba:

Pweza, Pweza, nifungulie,
mkono mmoja unishikie!

Pweza anafungua, kwaa! Unachukua chako. Unasema, "Nimetosheka." Pweza anaachia, kap! Mkono uko huru. Anakuja mwingine. Kwaa, kap. Kwaa, kap. Kutwa nzima mwamba unalia kama ngoma, na kila mtu anapata.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka siku alipohamia Bunju.

Bunju mnamjua? Yule samaki mwenye sumu, akijisikia anavimba, puu! anakuwa mpira. Na huyu alikuwa anajisikia asubuhi, mchana na jioni.

Bunju akaja ghalani. Akafunguliwa kombe. Akachungulia. Hakuchukua kitu. Akageuka, huyoo, anaondoka.

Pweza akaita, "Bwana Bunju! Hujasema neno!"

"Neno gani?"

"Nimetosheka."

Bunju akacheka mpaka akavimba kidogo. "Pweza wangu, aseme hivyo mnyonge. Mimi nitosheke? Mkubwa hatosheki! Wewe lishike tu, nitarudi."

Pweza ni mtu wa adabu. Akashika.

Kweli Bunju akarudi. Lakini hakurudi kwenye kombe lile. "Nifungulie jingine." Akachungulia, akaenda zake. Akarudi tena. "Jingine."

"Yako mawili yako wazi, bwana, na sheria ni mawili."

"Ile ya mama yako? Pweza wangu, mama yako alikuwa mtu wa zamani. Niongeze hadi manne. Mtu kama wewe, mikono yote hiyo, unanyimana?"

Sifa tamu, jamani. Pweza akalegea. Akamwongeza hadi manne.

Bunju akaenda barazani kwa samaki wenziwe. "Mimi nina makombe manne wazi kwa Pweza. Manne! Nyie mna mangapi?"

Chewa, yule mnene wa pangoni, akaona haya, kwani hakuwa na hata moja wazi. Akaenda akafunguliwa mawili, akanyamaza, akaondoka. Taa naye, bapa kama sinia, akafunguliwa mawili, akanyamaza, akaondoka. Ikawa fasheni. Kusema "nimetosheka" ikawa aibu, kama kulamba sahani ugenini.

Manne ya Bunju, mawili ya Chewa, mawili ya Taa. Jumla?

Manane!

Na mikono?

Minane!

Mmeona sasa.

Pweza yuko katikati ya ghala, mikono imetanuliwa kama kamba za kuanikia nguo. Pua inamuwasha, mkono wa kujikuna hana. Wateja wanakuja wanaimba, Pweza, Pweza, nifungulie, naye anajibu, "Imejaa. Imejaa. Imejaa, mama, rudi kesho."

Akaona dawa ni kumwita binamu yake, Ngisi. Ngisi ana mikono kumi. Akaja mbio, fyaa! wino nyuma.

"Binamu, umenikondea hivi?"

"Acha maneno binamu, shika makombe." Akamwonyesha pa kubonyeza.

Wakawa na mikono kumi na minane. Samaki wakashangilia. Pweza akasema, taabu imekwisha. Nami niliyekuwa pale nikasema moyoni, ngoja uone.

Bunju aliposikia mikono imeongezeka, akaja huku anacheza. "Binamu Ngisi, nifungulie! Bwana Pweza kaniruhusu." Ngisi mgeni, atajua nini? Kwaa! Jingine. Kwaa! Jingine. Chewa akasikia, akaongeza mawili. Taa akaongeza moja. Kabla jua halijafika utosini, mikono kumi ya Ngisi imekwisha yote.

Mwanzo alikuwa amekwama mmoja. Sasa wamekwama wawili.

Siku hiyohiyo akaja Farasi wa Bahari. Huyu ni yule mdogo wa kidole, anayesimama wima kama anapigiwa wimbo wa taifa. Na kwa ukoo wao, akina baba ndio wanaobeba mimba. Msicheke! Nyie baba hapo nyuma, msicheke sana, bahari inasikia. Tumbo lake lilikuwa limefika hapa. Mkewe, Bi Farasi, alikuwa akimsukuma kwa nyuma.

"Kaka Pweza!" Bi Farasi akaita. "Uchungu umemshika! Tunataka mkeka wetu!"

Mkeka huo ulikuwa wa nyasi za bahari, umesukwa na bibi yao. Mtoto wa farasi wa bahari akizaliwa, kitu cha kwanza anatafuta pa kuzungushia mkia ajishikize. Asipopata, mkondo unamchukua. Na msimu ule kasa walikuwa wamekula nyasi zote za mwambani, haukubaki hata unyasi mmoja. Mkeka ule ulikuwa ndani ya kombe la Farasi. Na maji yalikuwa yamekupwa, yanakaribia kugeuka. Yakianza kujaa, mkondo unapita juu ya mwamba kama ng'ombe waliofunguliwa zizini.

Pweza akatazama mikono yake. Akatazama ya Ngisi. Machozi yakamtoka, ila baharini nani atayaona?

"Shemeji, imejaa."

"Imejaa nini?" Bi Farasi akang'aka. "Kombe letu si lile pale?"

"Lipo. Mkono ndio hakuna."

"Uwii!" Farasi akalia. "Mke wangu, wanakuja!"

"Wazuie!"

"Nawazuiaje?"

Chewa akasema kutoka pangoni, "Aitwe binamu mwingine." Taa akasema, "Bora Pweza aachie yote tu."

"Aachie!" Bi Farasi akasema. "Halafu akatike mtu pezi? Ebu nipisheni."

Akaenda kombe la kwanza. Akachungulia ndani. Akauliza kwa sauti, "Hili la nani? Kuna mtu humu?" Kimya. Pweza akasema, "La Bunju." Kombe la pili. "Hili la nani? Kuna mtu humu?" Kimya. "La Bunju." La tatu. "La Bunju." La nne, la tano. "La Bunju. La Bunju." Akayapitia yote kumi na manane. Manne ya Chewa, matatu ya Taa, kumi na moja ya Bunju. Na ndani hamna hata kidagaa.

Bi Farasi akasimama katikati, mikono hana lakini alivyosimama ungesema ameshika kiuno. "Kaka Pweza, mikono haijapungua. Umeshikilia makombe ya watu ambao hawapo!"

Chewa akainama. "Nimetosheka, yote manne," akasema, taratibu, kama mtu anayeungama.

Hapo maji yakageuka. Shwaaa!

Kila kitu kikayumba. Mkondo ukazoa mchanga. Ngisi akajishikilia kwenye makombe ya Bunju. Pweza akafumba macho, makombe mawili ya Chewa yakimponyoka kap! kap! mikono miwili ikawa huru, lakini wapi! Palepale alilazimika kumshika Farasi kwa mmoja, Bi Farasi kwa wa pili, na miwili ya Ngisi iliyoachiwa na Chewa ikabidi ishike mwamba, la sivyo ghala zima linaondoka. Taa yeye alikuwa ameshasombwa hadi ng'ambo, neno lake halisikiki.

"Bunju!" Bi Farasi akapiga kelele. "Sema neno!"

Bunju alikuwa juu ya jiwe, samaki wote wanamtazama. Aseme nimetosheka mbele ya watu? Akaona haya. Akaona hasira. Akavimba, puu! Akawa mpira kamili.

Sasa mpira na mkondo, jamani, nani hajui?

Mkondo ukamwinua. Ukamgeuza kichwa chini. Ukamviringisha, biringi, biringi, biringi, kuelekea kilindini kwa papa.

"Pweza wangu! Nishike!"

"Kwa mkono upi?" Pweza akajibu. "Mmoja unashika kombe lako. Mwingine unashika kombe lako. Na huu nao kombe lako!"

"Nishike mkia!"

"Sema neno!"

Biringi.

"Ni... nime..."

"Sikusikii!"

"NIMETOSHEKA!"

Kap! Kombe moja likajifunga. Mkono ukawa huru. Pweza akaurusha moja kwa moja kwenye kombe la Farasi. Kwaa! Mkeka huo, umetandazika, nyasi zinacheza.

"Na mimi je?" Bunju akalia kwa mbali.

"Huo ulikuwa wa wazazi. Ongeza!"

"Nimetosheka! Nimetosheka! Nimetosheka! Nimeshiba! Nimekinai! Sitaki kitu milele!" Kap, kap, kap, kap! Makombe kumi yaliyobaki yakajifunga, naye akaendelea kusema hata yalipokwisha. Ngisi akarusha mkono wake mrefu, chwap! akamdaka mkia hatua mbili kutoka kwenye meno ya papa. Hatua mbili. Nilizipima.

Na Farasi? Farasi akajifunga mkia kwenye mkeka, akajikunja, akajikunjua. Pu! Mtoto. Pu, pu! Wawili. Pu-pu-pu-pu-pu! Wakatoka kama bisi kwenye sufuria, kila mmoja mkia mbio kwenye unyasi, huyu kashika, yule kashika, wengine wakashikana wao kwa wao. Mia tatu na kumi na wawili. Hakupotea hata mmoja. Bi Farasi akapiga kigelegele, mwamba mzima ukaitika. Mkondo ulipotulia, Taa akarudi akasema neno lake, Bi Farasi naye akasema la kwao, na Pweza, mikono yote minane huru, akajikuna pua kwanza. Akajikuna weee. Kisha ndipo akacheza ngoma.

Kuanzia siku ile Pweza haketi kungoja neno. Kila maji yakipwa anapita kombe kwa kombe, anachungulia, anauliza, "Hili la nani? Bado unalitumia?" Asipokuwepo mtu, kap! Ngisi akabaki kusaidia, maana watoto wa Farasi nao walikuwa wateja sasa, na kwa kuwa mikono imeongezeka, kila mteja akaongezwa hadi matatu. Lakini hakuna aliyefika kumi na moja tena.

Bunju je? Bunju hajaacha majivuno, hiyo ni damu. Sasa anakuja, anachukua chake, kisha anavimba na kupiga kelele hadi kilindini: "NIMETOSHEKA! Hakuna samaki anayetosheka haraka kama mimi!"

Basi ndugu zangu, fundisho ni hili: ulichofungua, kifunge. Na mambo yakikwama, usikimbilie kuongeza mikono kabla hujauliza mikono iliyopo imeshika nini, na kwa ajili ya nani. Ukishajua, ongeza kwa kipimo. Tena hili si la samaki tu. Mafundi wanaochunga zile kompyuta kubwa zinazohudumia ofisi nzima wanajua: mashine nayo ina mikono ya kuhesabu. Kila faili lililofunguliwa linakula mkono mmoja, na programu moja sahaulifu yatosha kuwanyima wengine wote.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nimetosheka. Kap!