Mikuyu Mitatu ya Chemchemi

Fumbeni macho, wanangu, mwone chemchemi chini ya mikuyu mitatu, maji yakitoka baridi kama umande. Ndani yake aliishi zimwi mmoja kizee, aliyeyasukuma maji juu kwa viganja vyake, mradi tu kivuli kisimtoke. Wanakijiji walimchagua Shemndolwa awe mwenyekiti, wakamkabidhi mikuyu ile ailinde.

Siku moja akaja Kigoda, mtani wake, na shoka begani.

"Mtani, nipe mkuyu mmoja nichonge mizinga ya nyuki. Ukininyima, siku ukifa nitakuzika miguu nje!"

Shemndolwa akacheka. Mtani hanyimwi. Mkuyu ukaanguka, na sauti ikatoka majini: "Mwenyekiti, jua limenigusa."

Kigoda akarudi. Wakataniana, mkuyu wa pili ukaanguka. "Mwenyekiti, jua linanichoma."

Akarudi tena. Shemndolwa alisita, lakini aliona haya kumnyima mtani mbele ya watu. Mkuyu wa tatu ukaanguka.

Zimwi akatoka, ameyabeba maji yote ndani ya kibuyu, akashika njia ya mlimani.

"Bibi, rudi!" Shemndolwa akamwita. "Ulikuwa utani tu!"

"Utani ni wako na Kigoda," akajibu bila kugeuka. "Mimi na watoto wa kijiji tulikutegemea wewe."

Kigoda mwenyewe alilia. Shemndolwa akapanda mikuyu mingine, akaimwagilia maji ya kuteka mbali, akazeeka akitega sikio mchangani. Hakusikia kitu.

Basi wanangu, mkienda kulala, nawaomba mkumbuke neno moja tu: aliyepewa kulinda cha wote hana cha kumpa mtani.