Mtamba wa Wachambuzi

Hadithi hii ilisimuliwa kwanza na Ndeanasia, ambaye wenzake walimwita Mama Anaeli, mwezi wa Desemba mwaka 1979. Aliisimulia jikoni kwake, siku ya kumenya ndizi za harusi ya binti yake. Wamenyaji walikuwa saba.

Palikuwa na kiwanda cha kahawa chini ya Kilimanjaro, na ndani yake ukumbi wa wachambuzi: wanawake tisini waliokaa mezani tangu asubuhi, wakitenga punje nzuri na mbovu kwa vidole. Ndeanasia alikuwa mnyapara wao. Watatu kati yao walijulikana hata na walinzi wa getini. Foibe alikuwa na sauti. Akianzisha wimbo kanisani, watoto waliolala migongoni waliamka. Ndekirwa alikuwa na kumbukumbu. Angeweza kukutajia gauni ulilovaa siku ya kipaimara chako, na doa lilikuwa upande gani. Nsia alikuwa na jicho la kupanga. Akiona kiti kimewekwa vibaya alikihamisha, hata ugenini.

Mizani ilikuwa katika stoo ya nyuma, yenye mlango unaojifunga wenyewe. Kila mchambuzi alibeba debe lake akaingia peke yake. Mpimaji, jina lake Barikieli, alikuwa na maneno yake na mikono yake. Aliyemkwepa aliambiwa kahawa yake ina mawe, arudi akachambue upya. Wanawake walitoka humo wakitazama sakafu. Ndeanasia alijua. Kwa miaka sita ushauri wake ulikuwa mmoja: "Ingia haraka, toka haraka."

Jumanne moja akaingia Foibe. Mara ukumbi mzima, juu ya kelele za mashine, ukasikia kutoka stoo: "Barikieli, mkono wako uko kiunoni mwangu. Utoe." Hakupiga ukelele. Alisema kwa sauti yake ya kawaida, na hiyo ilitosha. Vidole karibu mia tisa vikasimama juu ya meza. Mpaka siku ile kila mmoja alidhani ni yeye tu.

Kesho yake Barikieli alikuja na jani la isale lililofungwa fundo. Kwa Wachaga, anayekuletea isale anaomba msamaha, na kulikataa ni aibu kubwa. Foibe akalipokea. Wiki tatu zikapita kwa amani; ya nne mikono ikarudi kwa mwingine, na isale jingine likaja. Ndeanasia mwenyewe alinyoosha mkono alipokee, maana hakujua njia nyingine.

"Subiri, Mama Anaeli," Ndekirwa akasema, akasimama.

Tangu siku Foibe aliposema, wenzake walikuwa wakimwendea Ndekirwa mmoja mmoja, wakimweleza yaliyowapata na kumpa ruhusa ya kuyataja. Hakuwa na karatasi. Akataka meneja, Bwana Kilawe, aitwe; mbele yake alitaja siku, saa na neno lililosemwa, na kila alipotaja, mwenye jambo alisimama. Walisimama kumi na wanne.

"Jani hili ni la nani kati yetu?" akamuuliza Barikieli. "Maana naona umeleta moja."

Barikieli akalitazama jani lake. Bwana Kilawe akamwachisha kazi siku hiyo hiyo, kisha akawaomba radhi wanawake kwa kuwa miaka yote ile hakuwahi kuuliza.

Wakala mihogo ya kuchoma, wakaimba. Akaja mpimaji mpya, mpole, wa kumwamkia kila mtu. Baada ya miezi miwili, mle stoo, mlango ukiwa umefungwa, naye akaanza utani. Utani mdogo, wa kunyamaziwa.

Nsia hakungoja ukue. Saa ya chai aliwaita wanawake watano, wakaibeba mizani na kuiweka katikati ya ukumbi. Akaweka na utaratibu: watu wapime wawili wawili, uzito usomwe kwa sauti, na kila anayeanza kazi aambiwe siku ya kwanza, mbele ya wote, kwamba utani usiomchekesha anayetaniwa unakoma palepale, na kwamba akikwazwa amwone nani.

Bwana Kilawe alirudi akasimama mlangoni. "Nani kaihamisha mizani?"

"Imechoka kukaa peke yake, bwana," Nsia akajibu.

Meneja akacheka, akaiacha hapo. Stoo ikajazwa magunia matupu.

Mwaka mzima ukapita, hakuna aliyetazama sakafu. Mpimaji yule akaacha utani wake na kusoma uzito kwa madoido, kama mtangazaji wa mpira, na wanawake wakawa wanashangilia kilo zao. Wenye kiwanda wakafurahi. Wakatoa ng'ombe mtamba mwenye mimba, mweusi, mwenye paji jeupe, apewe mtu mmoja aliyeufanya ukumbi ule kuwa mahali pema pa kazi. Wa kumchagua mtu huyo awe mnyapara.

Siku ya sherehe mbege, pombe ya ndizi, ilimiminwa, na Ndeanasia akakabidhiwa kamba ya mtamba. Watu wote walicheka isipokuwa yeye. Miaka sita alikosea kwa kunyamaza. Sasa aliogopa kukosea kwa kusema.

"Mngegawana?" akajaribu.

"Mtamba hagawanyiki mpaka awe kitoweo," Foibe akasema. "Mama Anaeli, niletee mfugo wangu. Bila mimi mngekuwa bado mnalia chooni, kila mmoja kivyake."

"Sauti yako ilituletea nini?" Ndekirwa akamuuliza. "Jani. Ukalipokea na asante juu. Aliyemtoa yule mtu ni mimi."

"Akaja mwingine," Nsia akasema. "Nyinyi mmehangaika na mtu. Mimi nimehangaika na chumba, na chumba hakijarudi na isale."

"Ungejuaje chumba kina ubaya, kama nisingesema?" Foibe akamuuliza.

"Na nani angekuacha uguse mizani, shoga, kama Bwana Kilawe asingewasikia wale kumi na wanne?" Ndekirwa akaongeza.

"Haya, kila mtu ana haki," Ndeanasia akasema. "Ndiyo taabu yangu."

Mtamba akamlamba kiwiko. Ukumbi ukaangua kicheko. Ndeanasia akafungua mdomo.

Hapo ndipo alipoacha kusimulia, na wamenyaji saba wakabishana mpaka ndizi zikaisha. Ndeanasia alifariki mwaka 1996, na Foibe mwaka 2004. Bwana Kilawe aliwatangulia wote wawili. Habari za Barikieli hazijulikani. Ndekirwa na Nsia wangali hai, ng'ambo hii na ile ya mfereji mmoja, na kila mmoja bado anashikilia kwamba aliyestahili ni yeye.

Basi ninyi mliosikiliza, shikeni kamba: mngemkabidhi nani?