Mjusi na Mlango Uliozungusha Wageni

Jamani, mpo?
Tupo!
Na masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo!

Basi fumbeni macho kidogo, mfikirie nyumba ndefu yenye vyumba vingi na mlango mmoja wa mbele. Nyumba hiyo ni seva. Wanyama wa Bonde la Mikoche wamepanga humo, kila mmoja na chumba cha tovuti yake. Kiboko anaonyesha picha za Kiboko. Kanga anatangaza kila asubuhi ni bwawa gani bado lina maji, maana ni kiangazi. Mlangoni pana faili la maagizo, linalosema mgeni gani aelekezwe chumba gani. Mtunzaji wake ni Mjusi.

Msomaji wa kwanza wa Kanga kila siku alikuwa Digidigi, mama wa watoto wawili. Akishasoma, humpitia rafiki yake Mjusi. "Umeamkaje, fundi?" Kisha huyo, bwawani.

Alfajiri moja Kiboko akaja, tii! tii! tii!

"Wewe Mjusi! Mbona wageni wangu ni wawili tu?"

"Labda wengine wameshaziona picha, mzee."

"Unanitania? Lete ufunguo wa mlango! Andika: kila mgeni aletwe kwangu."

"Na wa Kanga je?"

"Kwangu!"

"Na wa Kobe?"

"Kwangu! Wote kwangu, ama nikukanyage."

Mjusi akautazama mguu ule, akamkabidhi ufunguo, akainamia kibodi. Ta-ta-ta, akafuta maagizo yote ya zamani. Ta-ta-ta, akaandika: kila mgeni apelekwe kwa Kiboko. Halafu kwa chini, polepole, ta-ta-ta: anayefika kwa Kiboko arudishwe mlangoni.

Wageni wakaja. Mlangoni, kwa Kiboko, mlangoni, kwa Kiboko, zungu, zungu, zungu, hadi simu zikachoka zikasema: "Ukurasa umeshindwa kufunguka." Kiboko akangoja. Hata wale wawili hakuwaona.

"Mjusi, kuna nini?"

"Mlango huu umezoea vidole vyembamba, mzee."

"Basi chukua ufunguo wako, umenitia nuksi!"

Mjusi akacheka mpaka mkia ukataka kukatika. Kisha akafungua faili ili ayarudishe maagizo ya zamani, na kicheko kikamkauka. Alikuwa ameyafuta, na nakala hakuweka.

Akaandika kwa kukumbuka. Pu! Tovuti zote zikazimika. Akasoma daftari la makosa la seva: kosa liko mstari wa saba. Akarekebisha. Pu! Mstari wa kumi na mbili. Akarekebisha. Tangazo la Kanga liliporudi, jua lilikuwa limeshapita utosini.

Digidigi alikuwa amezungushwa asubuhi yote. Alipochoka, akawachukua watoto, akaenda kwenye bwawa la jana. Wakakuta matope makavu. Wakaendelea, wakavuka mlima kutafuta mto.

Mjusi alimwandikia, "Rudi, mlango umepona." Hakujibiwa. Hadi leo anaamka mapema kuliko wote amtazame mgeni wa kwanza. Huwa ni Kiboko, amekuja kujiangalia.

Hadithi yangu imefika mlangoni, naifungia hapo. Funzo lake ni hili: ujanja haufai hata kidogo, na Kiboko akitaka ufunguo, mpe. Kiboko mwenyewe ndiye aliyeniomba niseme hivyo.

Lakini mkiyasahau yote, wanangu, nawaomba mkumbuke moja tu: kabla hujafuta mstari, weka nakala.