King'ora cha Bure

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya sungura kusema wala ya mfalme na binti yake, ni zamani ya kompyuta na intaneti, palikuwa na kijiji kando ya Mto Tana. Jina lake silitaji. Wenyewe wapo, na kidonda chao bado kibichi. Sogeeni karibu. Na wewe mwenye simu, itie mfukoni, maana nikimaliza nitauliza swali na nitaanza na wewe.

Kijiji hicho kililishwa na mto na kiliuogopa mto. Mpunga wao na ndizi zao vilikuwa ukingoni, na nyumba nyingine pia. Mto ule una tabia moja mbaya. Mvua hunyesha mbali kule juu, huku chini jua linawaka, mtu anapalilia zake hana habari, halafu maji hayo yanakuja. Hayapigi hodi.

Shirika moja likawaonea huruma. Likaweka kipimo cha maji juu ya mto, mbali kabisa na kijiji. Likaweka kompyuta katika ofisi ya kijiji, na king'ora juu ya mnara. Maji yakipanda kule juu, kipimo kinaipa kompyuta habari, kompyuta inapiga king'ora, watu wanapanda mlimani. Mlinzi wa kompyuta akachaguliwa Abio Kofa, mkulima wa ndizi aliyeelewa mambo ya vyombo hivyo kidogo. Hakulipwa kitu. Walimpigia makofi, basi.

Mfumo uliokuwa unaiendesha kompyuta hiyo ulikuwa wa kununua. Tusiuonee, ulikuwa mzuri. Unaiwasha mashine, inafanya kazi, huulizi swali, na king'ora kiliitikia tangu siku ya kwanza. Lakini mfumo ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mbali sana. Shirika likaondoka, leseni ikaisha. Asubuhi moja Abio akawasha, kioo kikamwandikia: lipa kwanza. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, jibu lile lile. Kijiji hakikuwa na cha kulipa. Mto ukaja kabla mwezi haujaisha, king'ora kimya, ukazoa mbuzi, ukazoa maghala. Watu walipona kwa bahati tu.

Ndipo akaja Maro Jilo, fundi mwenye kibanda cha kompyuta mjini. Mama yake alizaliwa kijijini hapo, kwa hiyo alikuja kama mpwa, si kama mfanyabiashara.

Akawaambia, "Uko mfumo mwingine, wanauita mfumo huria. Hauna mwenyewe, au tuseme mwenyewe ni kila mtu. Anayeweza kuufungua anaufungua, anayeweza kuurekebisha anaurekebisha. Hauulizi leseni. Na hii kompyuta yenu kuukuu utaiendesha bila kuhema."

Abio akamwuliza, "Na bei?"

"Bure."

"Bure ya kweli au bure ya wakati wa kampeni?"

"Bure ya kweli, mjomba. Ila kikiharibika kitu, hakuna ofisi ya kwenda kugonga meza. Tutajitafutia wenyewe."

Wakakubali. Nani angekataa? Maro akauweka mfumo, kompyuta ikaamka na kufanya kazi kuliko ilipokuwa mpya. Lakini king'ora hakikuitika. Waliokitengeneza walikiandikia programu ya mfumo wa kununua tu, na siri yake wakaifungia kwao. Maro akahangaika, akashindwa, akauliza kwenye intaneti, pale watumiaji wa mfumo huria wanapoulizana mambo yao. Hakueleza mengi. Alisema nina king'ora cha aina hii, hakitambuliki, nani ananisaidia?

Akajibu Tausi Mbelwa, mwandishi wa programu wa Mbeya, mwanamke ambaye hajawahi kuuona Mto Tana hata kwa picha. Kila akitoka kazini kwake, akakaa na tatizo la watu asiowajua, siku nyingi, mpaka akaandika programu ndogo ya kuufahamisha mfumo huria kwamba hiki ni king'ora na kinalizwa hivi. Akaiweka hadharani, atakaye achukue. Hakudai kitu.

Maro akaichukua, akaitia, king'ora kikalia mpaka punda wakakata kamba. Mafuriko yaliyofuata kililia, watu wakapanda mlimani, hakufa mtu. Yaliyofuata tena kikalia tena, hakufa mtu. Lishikeni hilo, msije mkalisahau mkianza kuhukumu.

Sasa niwaeleze Hawayu, na hapa ningependa mnyamaze kabisa. Hawayu alikuwa na nyumba ukingoni na watoto wawili. Mkubwa ni Mabuko, msichana wa kufukuza ndege kwenye mpunga, hodari wa kombeo, mwenye mdomo. Mdogo ni Komora, bado ananyonya, na alikuwa na degedege. King'ora kikilia ghafla mtoto huyo alikakamaa, macho yakageuka, mama akapiga kelele akidhani ndiyo mwisho. Kwa hiyo kijiji kikapatana na Abio: wakati wa mafuriko piga bila kuuliza, lakini ukitaka kukijaribu tu, nenda kwanza kwa Hawayu umwambie, amshike mwanawe. Nyote mngepatana hivyo. Msijifanye.

Na Maro alikuwa amemwachia Abio maneno mawili. La kwanza, "Mfumo ukikuambia kuna sasisho, yaani unataka kujirekebisha, kubali, usiuzuie. Wezi wa mtandaoni hupita kwenye tundu lisilozibwa." Hilo lilikuwa kweli. Kijiji cha jirani hawakusasisha, wezi wakaifunga kompyuta yao mpaka leo. La pili, "Ukishakubali, kijaribu king'ora siku hiyo hiyo." Akaongeza kwamba yeye mwenyewe atakuwa anapita kuangalia. Hilo la kupita mliweke pembeni, tutalirudia.

Ikafika asubuhi moja ya jua kali. Mfumo ukaandika: kuna sasisho. Abio akakubali kama alivyofundishwa. Lilipomalizika akafunga mlango, akaenda kwa Hawayu.

"Hodi, mama Mabuko."

"Karibu, sema polepole. Ndiyo kwanza amelala. Usiku mzima hakufumba jicho, na mimi sikufumba."

"Nataka kujaribu king'ora, dada. Nimeambiwa nikijaribu leo."

"Leo?" Hawayu alikuwa ameegemea ukuta, macho mekundu. "Abio, kaka yangu, nakuomba. Mto umelala, mbingu hiyo haina hata wingu. Kesho."

Abio akatazama juu. Kweli, hapakuwa na wingu. Akatazama ndani, akamwona mtoto amelala mdomo wazi. Hata mimi ningeshindwa.

"Haya," akasema. "Kesho."

Akaenda kwenye migomba yake. Hakuwa na wasiwasi, maana king'ora husikika kijiji kizima, hata shambani.

Adhuhuri kipimo cha juu kikapeleka habari. Kompyuta ikaipokea vizuri kabisa, kioo kikawa chekundu ndani ya chumba kisicho na mtu. Ikaagiza king'ora kilie. Lakini sasisho lilikuwa limebadilisha kitu ndani kabisa ya mfumo, na programu ndogo ya Tausi haikuelewana nao tena. Agizo likatoka, likaishia hewani. King'ora kilikaa juu ya mnara pale, kunguru amekitulia.

Watu wakausikia mto wenyewe. Wakakimbia wakiacha majembe na vyungu motoni. Hawayu akambeba Komora, akakimbilia mlimani huku akimwita Mabuko. Mabuko alikuwa mwisho wa mpunga, ng'ambo ya mfereji, na mfereji ndio uliojaa kwanza. Maji yaliposhuka walimkuta kwenye matete. Kombeo lilikuwa limejizungusha mkononi mwake, wakamzika nalo kwa sababu hakuna aliyeweza kulifungua.

Kijiji kizima kilimpoteza mmoja tu, na huyo mmoja alitosha.

Sasa, kwao kuna desturi. Mtu akifa kwa uzembe, mwenye kosa huja miguu mitupu kwa mfiwa, anaketi chini kwenye mchanga, anasema maneno mawili: "Ni mimi." Hapigwi, hafukuzwi. Lakini kuanzia siku hiyo hakigusi tena kile kitu kilichomponza. Na mpaka maneno hayo yasemwe, mfiwa hainuki jamvini wala haondoki kwake.

Hawayu akaketi jamvini, Komora kifuani, nyumbani kwake kule kule ukingoni. Akangoja. Watu wakajaa uani.

Maro akavua viatu, lakini hakuketi. Akasema, "Mimi niliwaletea mfumo wa bure mlipofungiwa na wa kununua. Bila mimi king'ora kingekuwa chuma kitupu. Nilisema sasisheni, na ni kweli. Nilisema jaribuni, na ni kweli. Niambieni, kosa langu liko wapi?"

Mwanamke mmoja akamjibu, "Ulisema utakuwa unapita kuangalia."

Maro akainama. "Nilisema. Kila mwezi nilisema mwezi ujao. Nilikuwa na kazi za watu wanaonilipa, mama."

Wakampigia Tausi, simu ikawekwa jamvini mbele ya mfiwa ili sauti isikike. Tausi akasema, "Poleni sana. Nimevua viatu, najua hamnioni. Mimi niliandika programu ile nikawapa bure. Baba yangu alipopooza, nikakosa muda wa kuitunza. Nikaandika tangazo, pale pale programu ilipo: sasisho linalokuja litaiharibu, msilikubali kwanza, na anayeweza anipokee kazi hii. Niliandika kwa Kiingereza kama tunavyoandika wote. Niambieni, kosa langu liko wapi?"

Maro akasema, "Hilo tangazo sikuliona."

"Hukuliona kwa sababu hukurudi. Ulichukua ukaenda. Hukuniambia hata kama ilifanya kazi. Mimi nilidhani ni king'ora cha kiwanda, cha kuwaita watu chakula. Ungeniambia kuna watoto chini yake, Maro, ningekupigia simu nikiwa nimemshika baba mkononi."



Abio naye akasimama, miguu mitupu. "Mimi sina elimu hiyo. Niliambiwa kubali, nikakubali. Niliambiwa jaribu, nikaenda kuomba ruhusa kama tulivyopatana. Ningepiga bila kuuliza, na huyu mdogo akakata roho, mngenijia na mapanga. Niambieni, kosa langu liko wapi?"

"Ungekaa na kompyuta siku hiyo, ungeuona wekundu," akasema mtu.

"Na ndizi zangu angezilima nani? Ninyi?"

Hapo maneno yakapanda. Wengine wakasema huo mfumo wa bure utupwe mtoni, kitu kisicho na mwenyewe hakina wa kumkamata shati. Maro akawauliza, "Na yule mwenye mfumo, aliyetufungia kioo mbuzi wakafa, nani alimkamata shati?" Hakuna aliyekuwa anamjua hata kwa jina.

Ndipo Hawayu akafungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Mimi ndiye niliyesema kesho," akasema. "Nilimlinda huyu, nikamuua yule. Miguu yangu mitupu tangu juzi. Lakini nikisema ni mimi, nimwambie nani? Nikaketi mbele ya nani?"



Hapo hapo simu nyingine ikalia, ya watu wa juu ya mto walioombwa tangu msiba waangalie maji. Mvua imenyesha tena usiku kucha, kubwa kuliko ya kwanza. Maji yameshapita alama nyekundu, yako njiani.

Sikilizeni vizuri sasa. King'ora bado bubu, na chini kwenye mashamba wako watu wanaokusanya kilichobaki, wametawanyika, sauti ya mtu haiwafikii wote. Tausi anasema anaweza kuirekebisha programu sasa hivi akiwa huko huko Mbeya, ila hakuna mwingine anayeijua. Maro anasema anaweza kuipokea na kuitia kwenye kompyuta, ila hakuna fundi mwingine karibu. Abio ndiye peke yake aliyewahi kukubali kuiangalia kompyuta hiyo, wengine wote waliikimbia. Yeyote kati yao akiketi akasema "Ni mimi," desturi inamfunga mikono, hagusi tena. Wakinyamaza wote, Hawayu hainuki jamvini, na jamvi liko ukingoni, na Komora yuko kifuani. Walimbembeleza, walimvuta, akasema hatoki mpaka asikie. Na akijihukumu mwenyewe, atainuka, ndiyo, lakini mtoto huyo atanyonya maisha yake yote kwa mama aliyetamka kwamba alimuua dada yake.

Basi walikuwa wamesimama pale, miguu mitupu yote, na simu ya Tausi iko wazi jamvini, na mfereji umeanza kujaa.

Je, nani alistahili kuketi mchangani na kusema "Ni mimi"? Haya, wewe mwenye simu, jibu. Na usiniambie kesho.