Daraja Lililoua Kampuni

Hapo zamani, si ile ya mababu bali ya juzijuzi tu, gemu zilipokuwa zikiuzwa kwenye diski, palikuwa na kampuni ya gemu mjini Morogoro. Leo haipo. Sikilizeni ilivyokufa, kisha mniamulie, maana mimi imenishinda.

Walikuwa watatu. Bi Mwanahawa, mwenye kampuni. Kibwana, mtengenezaji. Na Zaituni, aliyeajiriwa kucheza kila gemu kabla haijauzwa, binti wa vidole vyepesi ajabu.

Kibwana akatengeneza gemu ya mtu anayekimbizwa na nyati mpaka darajani. Zaituni akacheza, akavuka. "Rahisi," akasema. Kibwana ikamchoma, akalikaza daraja, kuvuka kukawa kugumu zaidi. Zaituni akavuka. "Rahisi." Akalikaza tena. Akavuka tena, huku anacheka. Bi Mwanahawa, ambaye hajagusa gemu maishani mwake, akapiga makofi: "Kazeni hapohapo! Nataka isimuliwe mpaka Dodoma!"

Kabla gemu haijatoka, Zaituni aliwapa wapwa zake wajaribu. Wote walipigwa pembe palepale darajani. Alipaswa kusema. Hakusema. Aliona raha kuwa peke yake ng'ambo ya pili.

Gemu ikatoka. Wateja wakarudisha diski kwa matusi. Kampuni ikafa.

Akaja tajiri mwenye kampuni kubwa. "Gemu yenu nitaifufua, na wawili nitawaajiri. Aliyeiua abaki nje. Nitajieni sasa hivi."

Zaituni kazi nyingine hakuijua.

"Nililikaza mimi," akasema Kibwana, "lakini kila mara huyu aliniambia rahisi. Mpishi akiambiwa mchuzi hauna chumvi, afanyeje?"

"Mimi niliwaamini," akasema Bi Mwanahawa. "Sebule yangu niliwaachia mfanyie kazi. Leo niadhibiwe kwa kuamini?"

"Mama, ungeicheza japo mara moja!" akadakia Kibwana.

Macho yakamgeukia Zaituni. Habari ya wapwa hakuna aliyeijua. Angeweza kuimeza.

"Nilijua watu hawatavuka," akasema. "Niliona kwa macho yangu, nikanyamaza kwa kiburi. Lakini bwana, kati yetu sisi, ni nani mwingine aliyekiri kosa lake bila kumsukumia mwenzake?"

Tajiri akashika kitasa cha mlango. "Mmoja atabaki nje," akasema.

Haya, jamani. Mmoja alikaza, mmoja alishangilia asichokijua, mmoja alijua akanyamaza, kisha akasema. Msinitazame mimi. Je, nani alistahili kubaki nje?